Fundi Aliyetajwa Kwenye Mbolezi

Tologon alikuwa na maringo ya aina moja tu, na watu walimsamehe kwa kuwa alikuwa mpole katika mengine yote: aliamini hakuna kinasa sauti cha zamani kitakachomshinda. Miaka mingi alikuwa fundi mitambo wa redio moja ya mkoani, mtu wa kushika kipaza sauti kwenye theluji huku mtangazaji akijipasha moto ndani ya gari. Redio ilipoanza kurekodi kwa simu, wakubwa wakampa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani, akaenda zake. Akapanga kontena la duka katika soko la mji wa Naryn, akawa anatengeneza simu. Simu zilimpa mkate, lakini vinasa ndivyo vilivyompa jina.

Na jina lilifika mbali. Mtu akifiwa na baba, akakuta sandukuni mashine ndogo ya kisahani yenye sauti ya marehemu, aliambiwa ampelekee Tologon. Maana vinasa vile mara nyingi havikuwa na ubovu wowote. Shida ilikuwa kompyuta. Kompyuta hubadilishiwa mfumo kila baada ya muda, na mfumo mpya hauna habari na rafiki wa mfumo wa zamani. Unachomeka waya ule ule uliofanya kazi mwaka juzi, na kompyuta inakutazama tu kana kwamba umeichomekea karoti.

Tologon alizijua njia za panya. Alijua programu zilizotungwa na watu asiowajua, huko waliko, wenye mapenzi ya mashine kuukuu kama yeye. Alijua namna ya kumlaza usingizi yule mlinzi aliyemo ndani ya kompyuta mpya ili programu hizo zipite. Zamani hakuhitaji hila hizo, kwa sababu alikuwa na kompyuta kongwe aliyoiita Ajuza, yenye mfumo wa kale, ambayo ilielewana na kila kinasa. Kila Ajuza alipouliza swali, ulijibu ndiyo, kazi ikaenda. Lakini kipupwe kilichopita Ajuza alitoa moshi mara moja, akafa, na Tologon akahamishia kila kitu kwenye kompyuta mpya.

Kompyuta mpya nayo ilikuwa na maswali, ila hayakuwa ya kujibiwa kwa mazoea. Kwanza iliuliza kama iiruhusu programu isiyo na mwenyewe. Hapo unasema ndiyo. Kisha ilikiona kisahani, ikashindwa kukisoma, ikauliza kama ikisafishe kitumike upya. Hapo unasema hapana, tena unasema huku umekaa vizuri kitini.

"Kompyuta mpya ni kama bi harusi aliyeingia jana," Tologon aliwaambia wateja. "Akikuta chungu asichokijua jikoni kwa mama mkwe, anataka kukiosha. Hajui ndani mna chachu ya miaka."

Wateja walicheka, naye akacheka, na maneno hayo alikuja kuyakumbuka mpaka yakamchoma.

Alikuja Sairagul, mwalimu wa shule ya kijiji cha Chong-Bulak, mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cha kijivu kichwani. Ilikuwa vuli, makundi ya kondoo yanashuka kutoka malisho ya juu. Alitoa mkobani soksi nene ya sufu, na ndani ya soksi akatoa kinasa cha kisahani.

"Kaka Tologon, nimeambiwa hiki wewe unakiweza."

"Nani kakwambia? Mwongo huyo. Lete nikione."

Akakigeuzageuza. Tundu la visikizio lilikuwa limevunjika, na kitufe cha kuchezesha kilikuwa kimezama ndani. Mlango pekee uliobaki ni ule wa waya wa kompyuta.

"Kuna nini humu, mwalimu?"

Sairagul alitazama nje kwanza, kama mtu anayetaka kusema jambo la aibu. "Mbolezi. Mama alimlilia baba. Mimi nilikuwa chuoni, mwalimu wangu alinipa hiki, nikakificha chini ya mto ndani ya hema la msiba. Mama hakujua. Alipokuja kujua alininunia mpaka majira yakageuka."

Tologon aliacha kukigeuza. Mama yake Sairagul alikuwa Bi Kumushai, na bonde zima lilimjua Bi Kumushai. Palipokuwa na msiba, farasi alitumwa kwanza kwake. Akiketi ndani ya hema la sufu, amewapa wageni mgongo, ameuelekea ukuta, akaanza kumlilia marehemu kwa maneno ya kupimwa, wanaume wazima huko nje walikuwa wakishikilia fimbo zao wasianguke. Wala maneno hayo hayakuandikwa. Mbolezi huzaliwa msibani na hubaki msibani.

"Sasa moyo wake umechoka," Sairagul akaendelea. "Daktari ameshasema. Na mtoto wa kike ni mimi peke yangu, kaka. Siku hiyo ikifika ni mimi nitakayeketi kuuelekea ukuta, na mimi sijui kitu. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Mama kawalilia watu wa bonde zima, halafu yeye azikwe na bintiye amefunga mdomo? Watu watasemaje?"

"Si akufundishe mwenyewe?"

"Unajua hawezi. Nilimwomba, akanitupia kijiko. Mbolezi haiimbwi bila maiti. Ukiimba bure, unaita mtu afe."

Tologon alijua. Hata redio, enzi zake, haikuthubutu kumwomba mwanamke aimbe mbolezi studioni.

"Basi mwalimu wako yumo humu," akasema, akakigonga kinasa kwa ukucha. "Njoo keshokutwa. Ungeniletea jambo gumu kidogo, hili la kitoto."

Hayo ndiyo maringo yake.

Asubuhi yake alianza kazi kwa adabu zote. Alisogeza kile kifunguo kidogo cha ubavuni mwa kisahani kinachozuia kisifutwe. Akachomeka waya. Programu ikagoma: haikukubali kufungua kisahani kilichofungwa. Akakitoa, akakifungua, akakirudisha, akijua kwamba sasa kisahani kiko uchi na kinga yake ni kidole chake tu. Mlinzi wa kompyuta akauliza kuhusu programu isiyo na mwenyewe.

Wakati huo huo mlangoni kukaingia kofia ndefu nyeupe, na chini ya kofia alikuwa Jumakan, muuza kofia wa safu ya pili, ambaye bintiye ameolewa na mtoto wa Tologon. Mkononi ana mkate umefungwa kitambaani.

Mkwe hasalimiwi ukiwa umekaa. Wala hapewi mkono mmoja kama mtu wa kununua betri. Anapewa yote miwili. Na aliyeleta mkate hasubirishwi mlangoni hata kidogo, mkate unamegwa kwanza.

"Asalaam aleikum, mkwe. Au siku hizi unaishi humo ndani ya kompyuta, tukutumie barua?"

"Ndiyo, ndiyo, karibu, mkwe, karibu," Tologon akasema, tayari amenyanyua makalio kitini, na kidole kikafuata mdomo. Ndiyo, kwa swali la kwanza. Ndiyo, kwa swali la pili. Kompyuta, kwa haki yake, ikamwuliza tena kama ana hakika, na kidole kilichozoea miaka yote kumjibu Ajuza kikasema ndiyo ili mikono yote miwili iwe huru kumpokea mkwe.

Wakaamkuana. Wakamega mkate. Jumakan alikuwa amekuja kualika watu kwenye karamu ya kumlaza mjukuu wao susuni, akatania kwamba mtoto amechukua masikio ya Tologon, maskini, lakini Mungu ana sababu zake. Tologon alicheka kipande cha mkate kikiwa bado mdomoni, akageuka kuitazama kompyuta. Ilikuwa imeandika kwa furaha kwamba kazi imekamilika na kisahani ni kitupu.

"Vipi, mkwe? Umepauka."

"Hamna kitu. Mkate umenikwama."

Jumakan akampiga mgongoni.

Kuanzia hapo Tologon hakugusa simu ya mtu yeyote. Alifunga mlango wa kontena mchana kweupe, akaita kila programu ya kufufua vilivyofutwa anayoijua. Aliwaandikia wale wapenzi wa mashine kuukuu waliotawanyika duniani, nao wakamjibu kwa huruma kwamba kisahani cha aina hiyo kikishasafishwa namna hiyo, hakuna kinachobaki. Mara moja tu alipata kipande cha mvumo, akaruka, akakisikiliza hadi macho yakamtoka. Ulikuwa mvumo wa kisahani chenyewe kikizunguka. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyepiga teke ndoo.

Sairagul aliporudi, Tologon alikuwa amejiandaa kusema kweli. Aliyapanga maneno tangu alfajiri. Lakini mwalimu aliingia na tabasamu, akaketi kwenye kiti cha mteja, akatoa visikizio vipya alivyovinunua njiani kwa ajili ya kujifunzia. Tologon aliviona vile visikizio, na ulimi ukageuka wenyewe.

"Mwalimu, kisahani kimekufa. Uzee. Vitu hivi vina umri wake kama watu. Nimehangaika nacho, lakini nilikuta sauti imeshakwenda."

Sairagul akavizungushia visikizio waya wake polepole, akavirudisha kwenye boksi.

"Nilikaa nacho mno," akasema. "Kosa ni langu. Ningekileta mapema."

Hilo ndilo lililommaliza. Angemkaripia ingekuwa nafuu. Mtu umemvunjia chungu chake, naye anaomba radhi kwa kukiweka karibu na ukingo. Na Tologon, mtu mzima mwenye ndevu na mjukuu, alikaa pale akaacha mwanamke achukue kosa lisilo lake, akamsindikiza hadi nje na kumshikia mlango.

Haikupita wiki, dereva wa Chong-Bulak akamletea mfuko wa kitambaa uliojaa vidonge vya jibini kavu ya chumvi. "Umetoka kwa Bi Kumushai," dereva akasema. "Anasema ni wa fundi aliyehangaikia sauti yake. Kaviringisha mwenyewe kwa mkono." Tologon akautundika mfuko msumarini, akashindwa kuufungua. Kila aliyeingia kontenani aliuliza, "Hiyo jibini huili, unaipigia picha?" Naye alijibu kwamba meno yanamuuma.

Mara mbili alipanda gari kwenda Chong-Bulak kusema. Mara ya kwanza alishukia njiani akarudi kwa miguu. Mara ya pili alifika mpaka uzio wa shule, akamwona Sairagul kupitia dirishani, chaki mkononi, anamcheka mtoto fulani aliyekosea hesabu, akajiambia kwamba asimharibie siku. Mtu akitaka kukwepa haki hakosi huruma ya kujisingizia.

Theluji ya kwanza haijakaa vizuri ardhini, Jumakan akaja kontenani bila mzaha wowote, jambo ambalo peke yake lilikuwa habari.

"Bi Kumushai wa Chong-Bulak amefariki. Mke wangu ni wa ukoo wao. Gari lina nafasi, mkwe, twende tukalie."

Hakuwa na sababu ya kukataa ambayo ingetamkika. Walipolikaribia hema la msiba, wakashuka, wakaanza kulia kwa sauti kama inavyotakiwa, "Mama yangu, oo, mama yangu," mpaka kwenye mstari wa wanaume wafiwa waliosimama wameegemea fimbo. Wengine walinyamaza walipokwisha kupeana mikono. Tologon hakuweza kunyamaza.

"Mkwe, taratibu," Jumakan akamnong'oneza. "Umewapita hata wanawe. Watadhani unadai urithi."

Ndani ya hema kulikuwa kimya. Kimya hicho kilisikika kuliko kilio. Wazee walitazama theluji viatuni mwao, na mmoja akasema chini chini, "Kumushai naye wa kuzikwa hivi?" Tologon alisikia. Alitaka kusema: ni mimi. Alikuwa na mdomo, alikuwa na pumzi, na wanaume wa bonde zima walikuwapo kumsikiliza. Akaikaza fimbo aliyopewa.

Kisha nyuma ya ukuta wa sufu sauti ikaanza. Haikuwa nzuri. Ilikuwa ya mtu aliyezoea kusema na watoto thelathini, ikakatika, ikaanza tena, ikikosea kipimo na kujirekebisha kama mtu anayepanda ngazi gizani. Wanawake wengine wakaishikilia kwa kuguna nayo. Na ilipopata mguu, maneno yakawa haya:

*Wafu uliwalilia,*
*kila hema kuingia,*
*nani wa kukulilia?*
*Ni mimi nisiyejua.*

*Sauti uliyoweka,*
*chuma chake kimechoka,*
*fundi alihangaika,*
*Mola atamlipia.*

Wanaume wakaangua kilio. Yule mzee aliyenung'unika alipiga fimbo chini, akasema, "Huyu ni binti yake kweli." Jumakan akageuka, machozi yanamtiririka kwenye masharubu, akamshika Tologon bega kwa fahari. "Umesikia, mkwe? Wewe huyo. Umeingia kwenye mbolezi ya Kumushai." Habari ikapita mstarini kutoka sikio hadi sikio, na watu wasiomjua wakaanza kumpa mkono. Mikono yote miwili, kama mkwe.

Mficha maradhi, kilio humuumbua, wasemao husema. Tologon kilio hakikumuumbua. Kilimpamba, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana aliyeumbuliwa angalau anajua pa kutazama.

Siku ya saba alirudi Chong-Bulak peke yake, akiwa na ule mfuko wa jibini. Sairagul alikuwa amekaa jikoni, nguo za msiba mwilini, anamimina chai ya maziwa. Tologon hakuketi.

"Mwalimu, kisahani hakikufa. Kilikuwa kizima. Mimi ndiye niliyekifuta. Kompyuta iliniuliza, mkwe akaingia, nikajibu ndiyo bila kutazama. Halafu nikakudanganya."

Chai ilijaa bakulini, ikafurika kidogo mezani kabla hajaliweka birika chini. Aliupangusa ule umajimaji kwa kitambaa mpaka meza ikakauka, akaendelea kuipangusa.

"Unajua nilivyompelekea mama habari?" akauliza. "Nilimwambia ulivyoniambia. Sauti yako imekufa, mama, uzee. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, 'Basi imetangulia. Haifai mwenyewe abaki nyuma ya sauti yake.' Siku ile ile akaanza kugawa vitambaa vyake kwa majirani. Akakuviringishia na hiyo jibini. Baada ya hapo akawa anaonja tu chakula, kwa kutupa heshima."

Tologon aliutazama ule mfuko.

"Moyo wake ulikuwa mbovu, hilo najua," Sairagul akasema. "Sisemi umemuua, sina haki ya kusema hivyo. Lakini mama yangu namjua. Ungeniambia kwamba kuna fundi mpumbavu kaifuta kwa mkono wake, angekutukana kutwa nzima. Angekutukana wewe, na mkwe wako, na mashine zako, na ng'ombe wa babu yako. Hasira zingemsukuma mpaka majani yachipue. Na pengine kwa hasira hizo angesema, 'Njoo hapa, binti, nikufundishe kabla wajinga hawajamaliza kila kitu.'"

"Nitawaambia watu," Tologon akasema. "Nitasimama leo hii mbele ya wazee. Waitoe ile beti."

"Itolewe vipi?" Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Nimeshaimba, kaka. Mama yupo chini ya udongo, na maneno yale ndiyo niliyomzika nayo. Mengine sina. Wanawake wameshayashika, juzi nilimsikia jirani akiyapitia kisimani. Ukisimama kusema umenidanganya, unamfanya mama yangu azikwe na uongo. Unataka kupumua, nakuona. Usipumulie kwenye kaburi la mama yangu."

Akauona ule mfuko mkononi mwa Tologon, kamba yake bado imefungwa kwa fundo la Bi Kumushai.

"Hata hukuionja."

"Sikuweza."

"Kula. Aliiviringisha kwa mkono mgonjwa." Akamsubiri.

Tologon akalifungua fundo, akatia kidonge kimoja mdomoni, akakitafuna mbele yake. Kilikuwa kigumu na chumvi tupu, na alikimeza chote. Sairagul akampa chai ya kusukumia, kwa mkono mmoja.

Alirudi sokoni. Alidhani ataacha vinasa abaki na simu, lakini hakupewa nafasi hiyo, maana mbolezi ile ilitembea. Iliimbwa kidogo kidogo na wanawake wakikamua, ikavuka mlima. Watu walioficha vinasa masandukuni kwa miaka wakaanza kuvileta, kutoka mabonde ambayo zamani hayakumjua. Kabla ya kugusa kisahani chochote alifunga kwanza mlango wa kontena. Mkwe akija, alimwacha asimame mlangoni na mkate wake mpaka maswali yote ya kompyuta yaishe, na Jumakan alilalamika kwa mkewe kwamba sifa zimemlevya yule bwana.

Siku moja akaingia bibi mmoja mgeni, amefunga kinasa kwenye shali, amekikumbatia kifuani. Akamtazama Tologon kwa haya, kama anayemwona mtu mkubwa.

"Samahani, baba. Wewe ndiye yule fundi wa kwenye mbolezi? Aliyehangaika?"

Tologon alikipokea kinasa kwa mikono yote miwili.

"Ndiyo," akasema.